Kuutafuta Wema wa Mungu Siku za Dhiki

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyepatwa na msiba, wala si kwa ajili ya yule apendaye kujadili habari za mateso akiwa ameshiba na ametulia. Na kwa kuwa maneno yasiyo na mahali hupotea upesi, nimeuandika nikiikabili Mitwaba, ile nchi ya vilima na nyanda za juu iliyo kaskazini ya Lubumbashi katika Kongo, ambayo pamoja na Manono na Pweto ilipata jina la kutisha la pembetatu ya mauti katika miaka ambayo wapiganaji wa kienyeji waitwao Mai-Mai na askari wa serikali walikuwa wakiwindana, na kila upande ukimtoza mkulima gharama ya vita. Toka mwisho wa mwaka 2005 hata mwanzo wa 2006 watu zaidi ya 150,000 wa sehemu ya kati ya jimbo la Katanga walikimbia makwao. Vijiji viliteketezwa, mashamba yakaachwa kabla ya mavuno, na jamaa wengi wakaingia porini pasipo blanketi wala chungu. Wala dhiki haikukoma hapo, maana mwisho wa mwaka 2013 hesabu ya waliohamishwa na vita katika Katanga yote ilikuwa karibu watu 400,000. Mtu aliyeyapitia hayo, au ambaye wazee wake waliyapitia, ana haki ya kuuliza wema wa Mungu uko wapi. Na swali hilo si kufuru, maana asiyemwamini Mungu hana wa kumwuliza.

Nasaha iliyo kubwa kupita zote nitakazotoa ni hii: usiutafute wema wa Mungu ndani ya msiba wenyewe, utafute kando yake. Aghalabu watu wema, kwa haraka ya kutaka kufariji, humwambia mfiwa kwamba Mungu alimpenda mtoto wake kupita kiasi ndiyo maana akamchukua, au kwamba nyumba iliteketea ili mwenye nyumba ajifunze kutopenda mali. Na mfiwa, ambaye hana nguvu za kubishana, huitikia amina kwa mdomo ilhali moyoni ameanza kumwogopa Mungu kama mtu amwogopavyo mwizi aliyeijua njia ya nyumbani kwake. Maandiko Matakatifu hayafundishi hivyo. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliihesabu mauti miongoni mwa maadui ambao Kristo hana budi kuwashinda. Na Bwana Yesu, aliyejua kwamba baada ya kitambo atamwita Lazaro atoke kaburini, alitokwa na machozi alipokuwa akienda kwenye kaburi lile, wala hakuwaambia Martha na Mariamu kwamba kifo cha ndugu yao kilikuwa kitu kizuri wasichokielewa. Ubaya ni ubaya. Aliyechoma kijiji alitenda dhambi, na Mungu hahitaji dhambi ya mtu ili apate kuwa mwema. Walakini kando ya msiba, kwa wakati uo huo, kuna mambo mengine yanayotendeka, na hayo ndiyo ambayo macho yaliyojaa machozi huyapita bila kuyaona; yote nitakayoyaeleza toka hapa yahusu namna ya kuyafundisha macho hayo kutazama.

Anza na mwili. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme mna habari za Eliya, ambaye baada ya kutishwa na Yezebeli alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Na la kustaajabisha ni kwamba Mungu hakumjibu kwanza kwa hotuba wala kwa kemeo, bali alimwacha alale, akamwamsha kwa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, ndipo ikafuata safari ya Horebu na mazungumzo ya mlimani. Kwa hiyo wewe uliyefika Likasi au Lubumbashi juu ya lori la mizigo, au uliyepokewa katika kijiji cha shemeji yako, usijilaumu ikiwa siku za kwanza huwezi kuomba na moyo wako umekauka. Kula bukari, yaani ugali, utakayopewa, lala, oga, mpeleke mtoto mwenye homa kwenye kituo cha afya, na uhesabu kwamba hayo ndiyo sala yako kwa siku zile. Mwanamke au msichana aliyetendewa jeuri na wenye silaha asifichwe nyumbani kwa ajili ya aibu: apelekwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa kuwa dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya muda huo, na hata muda ukiisha kupita aende vilevile, maana yako matibabu mengine. Mchungaji anayemzuia mgonjwa asiende kwa daktari, ati imani yatosha, hajui anenalo. Paulo mwenyewe alisafiri na Luka, ambaye katika waraka kwa Wakolosai anamtaja kuwa ni tabibu, wala hakuona kwamba utabibu wa rafiki yake unapunguza imani ya mtu yeyote.

Mwili ukiisha kupata nafuu kidogo, linalofuata ni kuomboleza, na hapa nataka tukae kitako, kwa sababu ni jambo ambalo Wakristo wengi wa zama zetu wamelisahau. Wamefundishwa kwamba imani ni kuimba kwa furaha hata moyo ukiwa unavuja damu, na kwa hiyo anayelia sana kanisani huzungukwa na kuombewa apate kunyamaza. Lakini Zaburi, ambazo zimekuwa kitabu cha sala cha Wayahudi na cha Kanisa kwa karne nyingi, zimejaa maombolezo kuliko zilivyojaa aina nyingine yoyote ya maombi. Na Zaburi ya 88 huanza kwa kilio ikaishia katika giza, pasipo neno la kumpoza msomaji mwishoni, na hata hivyo wazee wa zamani waliokusanya Maandiko hawakuiondoa. Tazama kadhalika kitabu cha Maombolezo, kilichotungwa juu ya maangamizi ya Yerusalemu mikononi mwa Wababeli, karne sita kabla ya Kristo. Kina sura tano. Nne kati yake zina aya 22 kila moja, kwa hesabu ya herufi za Kiebrania, na ile ya tatu, iliyo ya katikati, ina aya 66. Katika sura nne za mwanzo beti zimepangwa kwa mfululizo wa herufi toka ya kwanza hata ya mwisho, mtindo ambao washairi wa pwani yetu nao waliujua walipotunga kwa alifu mpaka ye, na mtunzi wa Kiebrania aliutumia ili asibakize pembe ya huzuni yake ambayo haikutajwa mbele ya Mungu. Basi maneno mashuhuri ya kitabu hicho, yale yanayosimulia rehema zinazofika upya kila kunapokucha, ambayo kila mhubiri anayapenda, hayako mwisho wake. Yako katikati, ndani ya sura ya tatu, na baada yake mtunzi anarudi kulia kwa muda wa sura mbili nzima, akamaliza kwa maneno ya mtu ambaye bado hajui kama amekataliwa ama la.

Mpangilio huo una mafunzo makubwa kwa mtu wa Mitwaba. Tumaini laweza kukujia Jumanne, likawa la kweli, na Alhamisi ukalia tena kuliko ulivyolia siku ya kwanza, wala kulia huko si kurudi nyuma katika imani. Usimruhusu mtu akuambie kwamba maadamu ulishukuru juzi huna ruhusa ya kulalamika leo.

Fanya hivi. Chagua zaburi moja ya maombolezo, mathalan ya 13, ambayo ni fupi, au ya 22, ambayo Bwana Yesu aliianza msalabani. Isome kwa sauti, tena katika lugha unayolilia, ikiwa ni Kiluba, Kisanga, Kibemba au Kiswahili cha Lubumbashi, kwa maana kuna uchungu ambao hautoki katika lugha ya shuleni. Mahali mtunzi anapowataja adui zake, wataje waliokutenda. Mahali anapoutaja mji wake, kitaje kijiji chako na kijito mlichokuwa mkiteka maji, na majina ya waliobaki huko chini ya ardhi bila kuzikwa kwa heshima. Kisha nyamaza. Usijilazimishe kuongeza shukrani ikiwa hazijaja zenyewe. Na penye kilio, wakati jamaa na majirani wanapolala nje kwa mfiwa na moto unawaka, waombeni wazee waache nafasi ya kusomwa zaburi ya namna hiyo kabla mahubiri hayajaanza, ili mfiwa asikie kwamba maneno yake yamo katika Biblia na wala si yeye wa kwanza kuyasema.

Watakuja watu wa kukueleza sababu ya mambo yaliyokupata, na hao ni wa kujihadhari nao. Wako wanaosema kwamba umetenda dhambi. Walikwisha kujibiwa zamani: katika Injili ya Luka, sura ya 13, watu walipomletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, yeye aliongeza habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18, akakana kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kupita wenzao, na katika Injili ya Yohana, sura ya 9, alikataa kumtwika kipofu, au wazazi wake, lawama ya upofu wake. Marafiki wa Ayubu walipokuja kumtazama, walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hilo ndilo jema walilolifanya. Walipoanza kueleza sababu ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao walioitetea haki yake kwa uongo, akamkubali yule aliyelalamika.

Wako pia wanaosema kwamba kuna mchawi, na mara nyingi kidole humwelekea mtoto: yatima aliyekuja na wakimbizi, mtoto wa mke aliyeachwa, mtoto mwenye kifafa au anayekojoa kitandani. Hili nalisema kwa uchungu, maana limetendeka hata ndani ya majengo yenye msalaba juu ya paa, ambamo watoto wamefungwa kamba, wakanyimwa chakula na kupigwa, ati watolewe pepo. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu mtu anayemtuhumu mtoto uchawi. Lakini hata kama sheria hiyo isingalikuwapo, Mkristo angeutafutaje wema wa Mungu kwa kumtesa mmoja wa wale ambao Kristo aliwakumbatia mbele ya wanafunzi wake? Ikiwa jirani yako amemfungia mtoto, usiseme ni mambo ya nyumba ya watu. Nenda kwa chifu, nenda kwa padri au mchungaji mwenye busara, nenda polisi, na usiku ule mtoto alale kwako.

Na wako wanaouza kinga. Wapiganaji wa Mai-Mai walinyunyiziwa maji na kufungwa hirizi, wakaahidiwa kwamba risasi hazitawapata, na vijana wengi, wengine wakiwa bado watoto, walikwenda mbele ya bunduki wakiyasadiki hayo, wakafa. Mhubiri anayefundisha kwamba atakayetoa sadaka kubwa hatapatwa na ugonjwa wala hasara anauza hirizi ileile, na fukara wa mitaa ya Lubumbashi, anayetoa fedha ya chakula cha watoto ili anunue salama, akipatwa na msiba siku ya pili huambiwa kwamba imani yake ilipungua. Hivyo huporwa mara mbili, mali yake na Mungu wake. Wema wa Mungu hauuzwi, na Mwana wa Mungu mwenyewe hakukingwa na misumari.

Sasa nije kwenye kutazama kwenyewe. Kila jioni, kabla ya usingizi, litafute jambo moja la siku ile, moja tu, ambalo ungeweza kumwonyesha mtu mwingine naye akakubali kwamba limetokea. Usiseme kwa jumla kwamba unashukuru kwa uzima, kwa kuwa maneno ya jumla hayashiki moyo uliojeruhiwa. Sema kwamba mwanamke wa nyumba ya tatu, ambaye hakujui, alikupa chumvi bila kuombwa. Sema kwamba homa ya mtoto ilishuka alasiri. Sema kwamba mvua ilinyesha usiku badala ya mchana, mkapata kutembea. Anayejua kuandika na aandike katika daftari la shule pamoja na tarehe. Asiyejua amwambie mwenziwe wanayesali pamoja, naye atunze kwa kumbukumbu. Na siku ambayo hukuona kitu, andika kwamba hukuona kitu, kwa sababu shukrani ya uongo haimpi Mungu utukufu wowote, nayo humfundisha mtu kuzidharau hata zile zilizo za kweli.

Nitatoa mfano mmoja ambao kila mkulima wa Mitwaba anaufahamu. Muhogo uliokomaa waweza kukaa ardhini muda mrefu, mwaka mzima na hata zaidi, kabla haujachimbwa, na moto unaopita juu ya shamba huunguza majani na miti yake lakini haufiki kwenye mizizi. Mahindi yaliyo ghalani huteketea pamoja na ghala. Mbuzi na kuku huchukuliwa na wenye silaha. Lakini mtu arudipo baada ya miezi kwenye kijiji kilichochomwa, akachimba mahali alipopanda, aweza kupata chakula cha kuwalisha watoto wake jioni ileile. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba moto ulikuwa mwema kwa sababu ya muhogo, na hakuna mwenye shukrani atakayeula muhogo ule bila kujua kwamba alihifadhiwa. Hayo mawili yasemwe pamoja, tena kwa sauti moja, wala lisiachwe moja lilimeze jingine. Ndiyo maana nilisema wema utafutwe kando ya msiba.

Watazame kadhalika wenyeji waliopokea wageni. Katika vita vya Kongo wakimbizi walio wengi hawakuishi katika kambi, bali katika nyumba za jamaa zao na hata za watu wasiowajua, na barabara za huko wakati wa mvua ni mbaya kiasi cha malori kukwama siku nyingi, hata chakula kikapita kwa baiskeli zinazosukumwa kwa mikono matopeni. Nyumba ya watu sita ikalaza watu kumi na watano. Sufuria moja ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikagawanywa mpaka mwenye nyumba akabaki na mchuzi. Hayo hayakuandikwa magazetini, kwa sababu magazeti huandika idadi ya waliokimbia na si majina ya waliowafungulia mlango, lakini Mkristo anayesema kwamba Mungu hakuwako Mitwaba katika miaka ile, na awaulize waliofunguliwa.

Kuna wema mwingine ambao macho ya siku moja hayauoni, na huo huhitaji mtu ajue historia ya kwao. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Kiovimbundu kutoka Bié, katika nchi iitwayo leo Angola, iliingia katika nchi ya Waluba na majirani zao, ikanunua watu na kuwachukua mateka, ikawapeleka magharibi kwa miguu. Baadhi ya mateka hao walijikuta karibu na misheni za Kiprotestanti za huko Bié, wakajifunza kusoma, wakabatizwa. Na baada ya mapinduzi ya Ureno ya mwaka 1910, minyororo ya utumwa ilipozidi kulegea katika Angola, baadhi yao walishika njia ile ndefu ya kurudi kwao, na vitabu vikiwa katika mizigo yao. William Burton, Mwingereza, na mwenzake James Salter walipofika mwaka 1915 mahali paitwapo Mwanza, katika nchi ya Waluba kaskazini-magharibi ya Mitwaba, wakaanzisha misheni ambayo kwayo kulitoka jumuiya kubwa ya Kipentekoste ya Kongo, walipata katika watu hao waliorudi kutoka utumwani wahubiri ambao wao wageni wasingeweza kuwa, kwa kuwa walijua lugha, walijua njia, na walijua uchungu wa wasikilizaji wao. Je, utumwa ulikuwa mwema kwa sababu hiyo? Hasha. Njiani walikufa wasiohesabika, na mama zao waliobaki nyumbani walikufa bila kujua kama wana wao wangali hai. Msomaji wa kitabu cha Mwanzo atamkumbuka Yusufu, ambaye mwisho wa mambo yote hakuwaambia ndugu zake kwamba kumuuza kulikuwa kitendo chema. Aliwaambia waziwazi kwamba walikusudia mabaya, kisha akataja kusudi jingine, la Mungu, lililokuwa likienda kando ya lile lao.

Wala usidhani kwamba kila aliye mwaminifu hupewa kuuona mwisho. Simon Kimbangu alihubiri miezi michache tu ya mwaka 1921 katika Kongo ya chini. Akahukumiwa kifo, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa Elisabethville, ambayo ndiyo Lubumbashi yetu, akakaa gerezani miaka 30 hata alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951, pasipo kufunguliwa mlango. Serikali ya Kibelgiji ililitambua kanisa la wafuasi wake mwaka 1959, na mwaka 1969 likapokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Sitaki kuingia hapa katika tofauti za mafundisho zilizopo baina ya kanisa hilo na makanisa mengine. Nataka tu ujue kwamba katika mji huuhuu alikaa mtu miaka 30 bila kuona kwa macho yake kile alichokitumaini, na kilikuwa kinakuja.

Juu ya kusamehe nitasema kwa tahadhari, kwa kuwa neno hili limetumiwa kuwanyamazisha wanyonge. Mwezi wa Mei 2006 Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa Mai-Mai aliyeogopwa kupita wote, alijisalimisha Mitwaba. Mwezi wa Machi 2009 mahakama ya kijeshi iliyokaa Kipushi ilimhukumu adhabu ya kifo kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Septemba 2011 alitoroka gerezani Lubumbashi. Na Oktoba 2016 alijisalimisha tena. Fikiri moyo wa mjane aliyekwenda kutoa ushahidi, akasikia hukumu, kisha akasikia kwamba aliyehukumiwa ametoroka. Kumwambia mjane huyo asamehe upesi ili apate baraka ni kumfanyia dhuluma ya pili. Mwenye heri Anuarite Nengapeta, mtawa aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 na kutangazwa mwenye heri mwaka 1985, husimuliwa kwamba alimsamehe muuaji wake alipokuwa akifa. Lakini msamaha ule ulikuwa wake mwenyewe, hakuamriwa na mtu, wala haukumfanya muuaji kuwa mtu asiye na hatia. Kwa hiyo omba upewe moyo wa kusamehe, nao ukija uupokee. Wakati huohuo idai haki, toa ushahidi ukiitwa, na usione kwamba mambo hayo mawili yanapigana. Kama bado huwezi, mwambie Mungu kwamba bado huwezi, na zaburi zile za hasira zilitungwa kwa ajili ya saa hiyo.

Mwisho, usiyafanye haya peke yako. Katika miaka ya 1950 padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliwakusanya wachimba madini wa Kolwezi pamoja na wake zao katika kundi lililoitwa Jamaa, na mafundisho yake yalizunguka mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Hawa walikuwa watu waliotolewa vijijini mwao na kutiwa katika kambi za kampuni, na walichokitafuta kwanza kilikuwa ndugu. Akina mama wa Kipendano katika Kanisa la Methodisti hufanya kazi ya namna hiyo kwa njia yao, wakikaa na wagonjwa na wafiwa. Tafuta kundi la namna hii katika parokia yako au kanisa lako, na kama halipo, watu watatu wanatosha kulianza: mkutane siku moja ya juma, kila mmoja aseme lililomuumiza na lile moja aliloliona kando yake, kisha mtazame ni nani katika mtaa asiye na unga. Mjane wa Sarepta alimlisha Eliya kwa unga aliodhani kuwa ni wa mwisho, na ni katika kuupika huo, si kabla yake, alipoona kwamba pipa halikwisha. Yeremia naye alinunua shamba Anathothi wakati jeshi la Wababeli limeuzingira mji na yeye mwenyewe yu mahabusu, akaitia hati yake katika chombo cha udongo ili idumu. Basi nawe, ukirudi Mitwaba au ukikaa mjini, panda kitu kabla mvua hazijaisha, ijapokuwa hujui kama utakivuna.

Na wewe unayesoma haya ukiwa salama, jua kwamba Lubumbashi imejaa watu waliotoka huko, wengine wakiuza mkaa na maji mlangoni pako. Mtafute mmoja wao juma hili, mwulize jina la kijiji chake, umsikilize mpaka amalize, na umpelekee chakula kabla ya kumpelekea aya.